Friji la Mzee Kidole Limeota Jipu

Habari ya asubuhi ile haikutoka redioni wala kwenye simu. Ililetwa na Vero, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Akaketi, akapokea kikombe chake, akakipulizia weee, mpaka Cleophace uvumilivu ukamwisha.

"Sema basi, dada Vero. Kahawa imeshapoa, unapuliza nini?"

"Friji la Mzee Kidole," Vero akasema, "limeota jipu."

Sote tulicheka isipokuwa Ambrose. Yeye aliweka kikombe chake chini kwa mikono miwili, polepole, kama anayeweka yai.

Kijiwe chetu kiko Rubwera, barazani kwa Gharib, anayeuza kahawa chungu ya birika na kashata. Gharib husema "kwetu pwani" kila baada ya sentensi mbili, ingawa alizaliwa Omurushaka na maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya mto Kagera. Vero ni fundi cherehani wa mlango wa pili, tunamwita Redio, na sababu mmeshaiona. Cleophace ni bodaboda, jina lake ni Mtandao, maana hakuna jambo duniani ambalo hajaliona kwenye simu. Celestin ni tarishi wa ofisi za wilaya. Mafaili yamepita kwapani mwake miaka kumi na miwili, basi anaamini ameyasoma yote. Huyo tunamwita Waziri. Langu mimi la kijiweni halifai kuandikwa.

Halafu kuna Ambrose, fundi stika. Anabandika kwenye matenki ya pikipiki, vioo vya saluni, makabati, hata ndoo za maji kwa wanaopenda makuu. Sisi tunamwita Makunyanzi. Jina hilo alilipata kwa mteja wake wa kwanza, Cleophace, aliyempelekea tenki abandikiwe simba, akarudishiwa mnyama mwenye mikunjo usoni kama bibi aliyelamba limau. Hayo yalipita. Siku hizi Ambrose ana mkono mwepesi, na kifaa chake kikuu ni kitambulisho chake cha Taifa, ambacho ndicho anachosukumia maji na hewa kutoka chini ya stika. Picha yake imeshafutika yote, limebaki sikio moja.

"Jipu kubwa kiasi gani?" Ambrose akauliza.

Vero akaonyesha ncha ya kidole chake kidogo. "Nimepita kununua maji, nimeliona kwa macho yangu. Liko mlangoni pa friji, chini ya lile tawi la kahawa. Lingekuwa shingoni mwa mtu ningesema awahishwe zahanati."

"Jana nilipoondoka halikuwepo. Dada, naapa. Pale nilipitisha kadi mara tatu."

"Basi limeota kwa rehema za Mungu," Vero akasema.

Hapo hakuna aliyecheka sana, kwa sababu wote tulijua lililoning'inia kwenye jipu lile. Ambrose na Kokugonza, binti anayeuza katika duka la vinywaji la baba yake, Mzee Apolinary, ndiye huyo Mzee Kidole, hapo ng'ambo ya barabara, wanapendana. Hilo hata mbuzi wa Rubwera wanalijua. Jumapili, nje ya kanisa, baba wa binti alimsimamisha Ambrose mbele ya waumini wenzake. "Kijana, unasema unajua kubandika. Bandika friji langu. Jumatano nikirudi kutoka Ihanda nitapitisha kidole. Nisipohisi kitu, Jumamosi leta wazee wako. Nikihisi kitu, Jumamosi nitapokea wazee wa yule mwalimu wa Kibingo."

Siku hiyo tuliyokaa barazani ndiyo ilikuwa Jumatano.

Na kidole hicho msikifanyie mzaha. Mzee Apolinary ni mkaguzi wa kahawa katika chama chetu cha wakulima, huu mwaka wa ishirini. Hataki mashine ya kupimia unyevu. Hupitisha kidole gumba juu ya kahawa ya maganda uliyoleta, huokota ganda moja, hulitia mdomoni, huling'ata. Likisema ka, kahawa imekauka, inapokelewa. Likikaa kimya, unarudi na gunia lako.

"Langu lilinyeshewa njiani, kwenye pikipiki ya huyu," Celestin akasema, akimwelekezea Cleophace kidevu. "Nikamweleza mzee kistaarabu kabisa kwamba mvua imetukuta barabarani. Akanijibu nini? 'Siulizi imelowaje. Nasema imelowa.' Nikarudi nalo."

"Langu mbuzi aliliangushia ndoo ya maji," Vero akasema. "Siku moja kabla. Nikamleta na shahidi. 'Siulizi imelowaje.' Waitu, nilitamani nimlete na mbuzi."

Mimi yangu yalikuwa magunia mawili na bado yananiuma.

"Kwetu pwani," Gharib akasema akijaza vikombe, "mzee wa namna hiyo huvalishwa glavu."

"Pwani ipi, Gharib? Ya Omurushaka?"

"Tulieni, tumsaidie mtu," Cleophace akasema. Akasogeza kofia yake ya pikipiki, akakaa kama anayetaka kufundisha. "Makunyanzi, hewa ni jambo dogo. Nimeona video, jamaa anabandika gari zima huku anapiga mluzi. Akikuta hewa, anapuliza moto kwa ile mashine ya kukaushia nywele. Stika inalegea, anachoma sindano, anakandamiza, kwisha. Dakika moja haifiki."

"Umeme umekatika tangu alfajiri," Ambrose akasema. "Mashine utaiwasha na mate?"

"Pasi yangu ya mkaa ina moto sasa hivi," Vero akasema.

"Hapana," Celestin akainua mkono. "Kwanza tujue chanzo. Hatuwezi kutibu bila kujua utaratibu ulivunjika wapi. Ambrose, jieleze."

"Utaratibu niliufuata wote. Nilifika saa tisa. Mama Therese, mama yake Kokugonza, akanikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa, nikapokea."

"Hapo ulifanya vyema. Ukikataa kahawa ya mtu umekataa na mlango wake. Endelea."

"Nikafuta friji kwa spiriti, halafu kitambaa kikavu, nikahakikisha hakuna hata vumbi. Nikanyunyiza maji ya sabuni ili stika iteleze niweze kuiweka sawa. Nikabandua karatasi ya nyuma kidogo kidogo, si kwa pupa. Nikaanzia katikati, nasukuma kwenda pembeni, maji yanatoka na hewa yake. Tawi la kahawa mbivu likakaa, jina la Kokugonza likakaa. Mlango ulikuwa laini kama utosi wa askofu."

"Maelezo yamepokelewa," Celestin akasema. "Hakuna kosa. Basi hewa imeingia yenyewe bila kibali."

"Mwambie mzee ndiyo mtindo wa kisasa," nikachangia na mimi. "Tawi la kahawa limedondosha tunda moja, tunda limejitokeza. Kwani liko mbali na tawi?"

"Liko chini yake kabisa," Vero akasema. "Ukilitazama vibaya utasema kahawa imeanguka kweli."

Tulicheka mpaka Gharib akamwaga kahawa kwenye sahani ya kashata. Ambrose hakucheka. Alisema, kwa sauti ndogo tuliyosikia wote, "Jamani, nampenda yule mtoto wa watu." Basi tukaondoka barazani, Gharib naye akifunika birika lake na kutufuata, tukavuka barabara kama ujumbe wa serikali.

Kokugonza alikuwa anafuta kaunta iliyokwisha kuwa safi. Akatutazama mmoja mmoja.

"Shikamooni. Mmekuja kununua au kuzika?"

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kutibu," Gharib akasema. "Baba yuko wapi?"

"Amepiga simu, ameshapita Nkwenda."

Tukainama sote mbele ya friji. Lilikuwepo. Jipu dogo, la mviringo, limejikalia chini ya tawi bila wasiwasi. Ambrose akalisukuma kwa kitambulisho, halikusogea. Akalisukuma kutoka upande wa pili, likabaki pale pale.

"Sindano," Cleophace akasema, akinyoosha mkono bila kutazama, kama daktari.

Vero akachomoa sindano kwenye kola yake. Ambrose akashusha pumzi, akachoma. Sindano ikakatika vipande viwili.

Tukatazamana.

"Hii hewa ina mfupa," Cleophace akasema.

"Hewa ngumu ipo," Celestin akasema. "Nimewahi kulibeba faili lake."

"Kwetu pwani hewa ngumu huingia Mei."

"Nyamaza, Gharib. Leteni pasi."

Vero akavuka mbio, akarudi na pasi yake ya mkaa inatoa cheche. Ambrose akaweka kitambaa chenye maji juu ya jipu, akagusisha pasi, akainua, akagusisha tena. Mvuke ukapanda. Kokugonza alikuwa ameshika kingo za kaunta kwa mikono yote miwili, midomo imebana, na sikuweza kujua anasali au anazuia kicheko.

Gharib, aliyesimama mlangoni, akainua pua.

"Nani anakaanga kahawa?"

"Si wewe?"

"Birika langu nimelifunika, na kukaanga mimi ni Jumatatu." Akanusa tena, akaingia ndani hatua kwa hatua, akitangulia na pua, mpaka pua ikafika mlangoni pa friji. "Jamani. Friji linanukia kahawa."

Ambrose akatoa pasi. Akatazama kiganja chake cha kushoto kwa muda. Kisha akakaa juu ya kreti la soda.

"Mama Therese alinijazia mkono," akasema. "Kahawa ya kutafuna. Sikuweza kuitia mfukoni, alikuwa ananitazama. Sikuweza kuiweka mezani, angeona nimeidharau. Nikashika kahawa mkono wa kushoto, kadi mkono wa kulia. Natafuna moja, nasukuma. Natafuna moja, nasukuma. Yeye amesimama pale pale ananiuliza habari za kwetu."

"Moja ikakuponyoka," Vero akasema.

"Sikuisikia hata ikianguka."

Nani alianza sijui. Nadhani ni Kokugonza. Alilaza kichwa kwenye kaunta, mabega yakaanza kumtikisika, kisha kikamtoka kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho tangu azaliwe. Cleophace akajishushia kofia usoni, akalilia ndani yake. Celestin akajaribu kusema, akashindwa, akajaribu tena.

"Ndugu mjumbe. Wenzako hupeleka barua ya posa. Wewe umechukua kahawa ya mkweo ukaibandika kwenye friji lake."

"Tena kwa sabuni," Vero akasema huku anajipangusa macho kwa futi.

"Naweza kuitoa," Ambrose akasema akisimama ghafla. "Nabandua kona hii, naitoa, naweka maji, narudishia. Gundi haijakamata sana. Dakika kumi tu. Kokugonza, nipe maji na sabuni."

Dakika kumi hazikupatikana. Pikipiki ilizima nje, na Mzee Apolinary akaingia na kofia yake ya jani la mgomba na vumbi lote la barabara ya Ihanda.

"Shikamoo mzee," tukasema kwa mkupuo.

"Marahaba. Mbona mmejaa kama mnagoja mbolea ya ruzuku?"

Hakungoja jibu. Akafuta mikono kwenye suruali, akasimama mbele ya friji, akafumba macho. Kidole gumba kikaanza kazi juu kabisa, kwenye kona. Kilikuwa kidole kikubwa, cheusi, kimepasuka pasuka kwa miaka ya kahawa, na kilitembea juu ya stika ile taratibu kana kwamba kinasoma.

"Hapa sawa," mzee akasema. Kikapita kwenye jina la binti yake. "Sawa." Kikapita kwenye majani, kikapita kwenye matunda mekundu. "Kijana umefanya kazi. Sawa."

Ambrose alikuwa anakifuata kidole kwa macho. Mimi pia.

Kidole kikashuka chini ya tawi. Kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo, kikasogea mbele, kikasimama tena pale pale. Mzee akafumbua macho.

"Kuna kitu."

Akaingiza ukucha kwenye ukingo wa stika, akabandua kipande kwa utulivu, akatoa kitu chenyewe. Akakifutia kwenye suruali. Naamini hakuwa amefikiri lolote. Mtu aliyefanya jambo moja kwa miaka ishirini, mkono hufanya wenyewe. Akakitia mdomoni, akaking'ata.

Kimya. Hakukuwa na ka wala nusu ya ka.

"Haijakauka," Mzee Kidole akasema kwa sauti yake ile ile ya ghalani. "Ya nani hii?"

"Ya kwako, baba," Kokugonza akasema.

"Yangu ipi?"

"Ile ya kukaribishia wageni. Jana mama alimpa Ambrose. Aliichota kwenye gunia lako la chumbani."

Nyinyi hamkuwepo, kwa hiyo sitaweza kuwaeleza vizuri uso wa Celestin. Ulifunguka wote. Vero alishika kiuno. Mimi nilihisi magunia yangu mawili yakinishuka kutoka mabegani, moja baada ya jingine. Gharib, ambaye hana hata mbuni mmoja wa kahawa, alitabasamu kwa niaba ya wakulima.

Ikawa ni Cleophace, mjinga wetu, aliyetaka kuharibu. "Lakini mzee, si imelala kwenye maji ya sabu..."

Vero akamkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mzee akalidaka kama mtu anayezama.

"Eee. Maji. Imelala kwenye maji ya sabuni, ndiyo maana imelowa. Kahawa yangu mimi nyumbani ni kavu, mnajua wote."

Kokugonza alikuwa anakunja kitambaa chake cha kufutia. Akakikunja mara mbili, akakiweka kauntani, akakipiga kidogo kwa kiganja. Kisha akasema kwa heshima zote za mtoto aliyelelewa:

"Baba, hatuulizi imelowaje."

Hata pikipiki za barabarani zilikuwa kama zimesikia. Mzee Apolinary alisimama na kahawa yake mdomoni. Povu dogo la sabuni likaanza kumchungulia pembeni mwa midomo, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Akamtazama Celestin. Akanitazama mimi. Akamtazama Vero, ambaye alikuwa ameanza kuvuta pumzi ndefu. Mwanamke yule akivuta pumzi namna hiyo, kabla ya adhuhuri Kibingo nzima inakuwa na habari.

"Vero," mzee akasema.

"Abee, mzee."

"Jumamosi utakuja kutusaidia kupika."

Vero akaishusha pumzi ile bila kuitumia. "Kuna nini Jumamosi, mzee wangu?"

Mzee alimgeukia Ambrose, akamtazama kuanzia viatu hadi utosini, akameza kahawa na sabuni yake.

"Rudishia hapo vizuri. Uwaambie wazee wako waje saa nne. Wasichelewe."

"Asante, mzee," Ambrose akasema. Akainama, na alipoinuka macho yalikuwa yamejaa maji. Kokugonza akajifanya anatafuta kitu chini ya kaunta, akakaa huko chini muda mrefu.

"Na wewe Waziri," mzee akaongeza akielekea mlango wa nyuma, bila kugeuka. "Lile gunia lako. Lilete tuliangalie tena."

"Lilinyeshewa, mzee."

"Mvua ni ya Mungu."

Tulibaki kumtazama Ambrose akirudishia. Aliomba anawishwe mikono kwanza, akatukunjulia viganja vyote viwili tuvikague kuwa ni vitupu, Celestin akavipitisha. Akanyunyiza maji, akalaza stika, akasukuma kwa kile kitambulisho chenye sikio, kutoka katikati kwenda pembeni. Tone la mwisho la maji likatoka chini ya tawi, likateremka mlangoni, likaanguka. Nilipitisha kidole mwenyewe. Hapakuwa na kitu. Niseme tu ukweli, nilifurahi kama vile binti namwoa mimi.

Jumamosi tulikwenda wote pamoja na Ambrose na wazee wake, tumevaa, Gharib kwa kanzu, Cleophace bila kofia ya pikipiki kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Tukapokewa, tukaketishwa, tukaulizana habari za migomba na mvua. Kisha tukangoja, kwa sababu sasa ndipo kahawa ya kutafuna huletwa, hakuna nyumba ya huku inayoanza shughuli na mgeni kabla hajapewa. Celestin alikuwa ameshainamisha sikio lake, tayari kusikiliza iking'atwa.

Mama Therese akatoka na sinia iliyofunikwa kitambaa cheupe, akapiga goti, akafunua. Zilikuwa biskuti.

Mzee Apolinary alikuwa anatazama dirishani. Vero, aliyekuwa ametoka jikoni kuja kushuhudia, akachukua ya kwanza, akaing'ata katikati. Ikasema ka, tukasikia sote mpaka waliokaa nje.

"Hii imekauka, mzee," akasema. "Tunaipokea."